Mgonjwa "hana nguvu": nitofautisheje neva za pembeni na neuroni za mwendo?

Mwulizaji
Wakuu, habari. Mgonjwa akija analalamika miguu kukosa nguvu, kabla ya kufikia kipimo cha umeme wa misuli nitazame nini? Naona kila mwenye ganzi anaandikiwa vitamini B, basi, kwaheri.

Zamu_ya_Usiku
Anza na hisia. Neuroni za mwendo (seli za ubongo na uti wa mgongo zinazoamuru misuli) hazibebi hisia, kwa hiyo anayesema nyayo zinawaka moto usiku, au kiatu humvuka bila kujua, mtafutie kwanza ugonjwa wa neva za pembeni (nyaya zinazounganisha uti wa mgongo na mwili). Kwa kawaida ganzi huanzia vidole vya miguu yote miwili, maana neva ndefu ndizo huumia mwanzo. Ikikaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo hufuata. Afumbe macho, umguse unyayo kwa uzi wa nailoni wa gramu 10, ukiusukuma mpaka upinde. Usigusie kwenye sugu, itakudanganya. Kisha gonga kano ya kisigino: mara nyingi mguu hautajibu.

Fizio_mkongwe
Neuroni za mwendo ni habari nyingine. Udhaifu huanzia upande mmoja na kusambaa kwa miezi: kifungo cha shati hakifungiki, ncha ya mguu inaburuza, au maneno yanakuwa mazito. Tazama nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Hubonyea wakati upande wa kidole kidogo bado umejaa. Ulimi uukague ukiwa umetulia mdomoni, kwani ukitolewa nje hutetemeka hata kwa mtu mzima wa afya. Kinachonitia shaka zaidi ni mkono uliokonda ambao ukigongwa kwa nyundo unaruka kwa nguvu. Kope kuchezacheza bila udhaifu wowote si kitu.

Ila usitoe hukumu kabla ya MRI (picha ya sumaku) ya shingo. Uti wa mgongo uliobanwa pale hukondesha mikono na kukaza miguu, na huo una matibabu.

Mwulizaji
Asante sana. Na vyanzo vya ganzi?

Zamu_ya_Usiku
Kisukari kinaongoza. Halafu pombe, VVU, ukoma (papasa neva nyuma ya kiwiko, huwa imenenepa). Uliza dawa: metformini (ya kisukari) ya miaka mingi hushusha B12, na isoniazidi (ya kifua kikuu) huvuruga B6, ndiyo maana huambatanishwa na piridoksini, yaani B6 yenyewe. Lakini piridoksini hiyohiyo kwa dozi kubwa ya muda mrefu huharibu neva, kwa hiyo kugawa vitamini ovyo si jambo jema.

Nesi_ICU
Mmesahau wa dharura: udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache, wiki moja hadi tatu baada ya kuhara au mafua. Huyo ni Guillain-Barré (kinga ya mwili kushambulia neva) mpaka ithibitike vinginevyo, alazwe leo. Oksijeni ya kidoleni hushuka mwishoni kabisa, kwa hiyo pima ujazo wa pumzi yote anayoweza kutoa baada ya kuvuta hadi mwisho: chini ya mililita 20 kwa kilo ya uzito, apelekwe ICU (wodi ya mahututi). Prednisoloni (steroidi) haimsaidii. Tiba ni imunoglobulini (kingamwili) ya mshipani au kubadilishiwa plazma, yaani majimaji ya damu.