Ushauri: Je, nimrudishie kijana wetu awamu ya tisa kabla ya nusu fainali?

Kocha wa Jumapili (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, salaam. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa mistari miwili. Huu ni mwaka wa nne ninafundisha timu ya besiboli ya watu wazima inayocheza kila Jumapili. Hakuna anayelipwa, tunachangishana fedha za uwanja, za waamuzi na za mipira, na ugomvi wetu huishia kwenye nyama choma ya jioni.

Tunaye mrushaji wa akiba mwenye umri wa miaka 24, aliyezaliwa hapa na wazazi waliotoka Bukavu, ambaye tangu msimu uliopita ndiye aliyekuwa kloza wetu, yaani mrushaji anayeingia awamu ya tisa, ya mwisho, kulinda uongozi. (Nasema kloza kwa makusudi. Nikimwita mfungaji, msomaji wa Kiswahili atamtafuta kwenye orodha ya mabao, na nikimwita mmaliziaji atadhani ni mshambuliaji wa kati.) Mei na Juni hakuna aliyemgusa. Ilipofika Julai mambo yakageuka: katika mechi tano alizoingia tukiwa tunaongoza, tatu zilipotea mikononi mwake. Wala hakupigwa sana. Ni moja tu iliyokwisha kwa homurani, mpira uliopigwa mpaka nje ya uwanja. Tatizo lake ni mipira ya nje. Anampa mpigaji wa kwanza kituo cha bure (mipira minne ya nje), kisha wa pili, halafu analazimika kurusha katikati kabisa, na hapo hata mpigaji dhaifu anajua la kufanya.

Nilimwondoa, nikaikabidhi awamu ya tisa kwa mtu mzima mmoja asiye na kasi lakini anayejua kulenga, naye akatulindia uongozi mara nne kati ya nne. Sasa mtu mzima huyo amebadilishiwa zamu ghalani anakofanya kazi, na Jumapili ijayo, siku ya nusu fainali, hatakuwepo. Kijana hajaniomba kwa maneno arudishwe, ila siku hizi anafika mazoezini kabla yangu. Timu imegawanyika: mdakaji wetu anasema hataki kumwona pale tena mpaka mwakani, wengine wanasema tukimwacha sasa tutakuwa tumemmaliza. Nimrudishe, au nimtumie mmoja wa warushaji wa kuanzia?

Mkaazi wa Philadelphia

Kocha, sisi wa hapa tuliishi na swali lako mwaka mzima wa 2009, na bado linatugombanisha. Msimu wa 2008 Brad Lidge, kloza wa Phillies wetu, alipewa mechi 41 za kuokoa, yaani kulinda uongozi mdogo mpaka mwisho, akaziokoa zote 41, akaongeza saba kwa saba katika mchujo, na mpira wake wa mwisho ulimtoa mpigaji Eric Hinske kwa straiki ya tatu (mpira wa tatu aliokosa) tukawa mabingwa. Alipiga magoti pale pale, na mdakaji Carlos Ruiz akamkimbilia. Mwaka uliofuata mtu yule yule alipoteza mechi nane bila kushinda hata moja, akaharibu nafasi 11 za kuokoa, na wastani wake ukafika mikimbio 7.21 kwa kila awamu tisa. Katikati ya msimu aliwekwa kando kwa sababu ya goti la kulia, na kwa mrushaji wa mkono wa kulia hilo ndilo goti analosukumia mwili wote.

Septemba meneja Charlie Manuel alianza kumpa Ryan Madson awamu ya tisa, na sote tukadhani habari imekwisha. Mchujo ulipoanza akamrudisha Lidge, naye akaokoa mechi mbili mfululizo kule Denver dhidi ya Rockies, kisha mechi ya kwanza dhidi ya Dodgers. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomtukana Manuel mbele ya televisheni, na nikalazimika kunyamaza. Ushauri wangu ni umrudishe. Mtu aliyewahi kuibeba awamu ile anaujua uzito wake, na mrushaji wa kuanzia hataujifunza siku ya nusu fainali.

Jirani wa Bronx

Ndugu yangu wa Philadelphia amekatiza hadithi pale penye utamu. Asimulie pia mechi ya nne ya fainali ya mwaka huo huo dhidi ya Yankees wetu, Novemba 1. Matokeo ni 4 kwa 4, awamu ya tisa, wawili wameshatoka, Lidge yuko kilimani, mahali pa kurushia. Johnny Damon alikataa kutoka; alipigana naye kwa mipira tisa mpaka akafika kituo cha kwanza. Akaiba kituo cha pili, na alipoona walinzi wamehamia upande mmoja kwa ajili ya Mark Teixeira na kituo cha tatu hakina mtu, akainuka akakimbia mpaka huko. Tangu hapo slaida ya Lidge, mpira wake unaopinda, ikawa kama imefungiwa kabatini, maana ilikuwa inazama mpaka udongoni, na mpira mmoja ukimponyoka mdakaji Damon anaingia nyumbani. Teixeira akagongwa na mpira, Alex Rodriguez akapiga wa vituo viwili, Jorge Posada akaleta wawili, mechi ikaisha 7 kwa 4.

Nami nina kidonda kipya zaidi. Mwaka 2025 Yankees walimleta Devin Williams kutoka Milwaukee, mtu ambaye chenjapu yake (mpira wa polepole wa kumhadaa mpigaji) ilikuwa haigusiki. Kabla Aprili haijaisha wastani wake ulikuwa 11.25, na meneja Aaron Boone akamwondolea ukloza, akampa Luke Weaver. Juni Weaver akaumia msuli wa paja, Williams akarudishwa. Kumbuka sababu ya kurudishwa kwake: hakukuwa na mwingine. Akawa nusu mzuri, nusu wa kutisha, mpaka mwisho wa Julai timu ikamnunua David Bednar kutoka Pittsburgh. Kocha, wewe pia unamrudisha kwa sababu mwenzake ana zamu ghalani. Ukilazimika, sawa, lakini usijidanganye kwamba umemwamini.

Dada wa Queens

Naona kaka zangu wawili wanabishana kama kwamba njia ni mbili tu. Edwin Díaz alipokuja Mets akitokea Seattle, alikotoka na mechi 57 alizookoa mwaka 2018, msimu wake wa kwanza hapa ulikuwa msiba: wastani wa 5.59 na homurani 15 katika awamu 58. Watu walimzomea uwanjani, na mimi sikuwa nyuma. Mapema msimu wa 2020 alipovurunda tena, meneja Luis Rojas hakumfukuza wala hakumng'ang'ania. Alimtoa kwenye awamu ya tisa, akawa anamtumia mapema zaidi au tukiwa nyuma, mahali ambapo kosa moja halikufanyi uamke usiku. Alirudi kidogo kidogo, akamaliza msimu ule mfupi na wastani wa 1.75, na mwaka 2022 akawatoa wapigaji 118 kwa straiki katika awamu 62. Wale wale waliomzomea wakawa wanasimama kumshangilia tarumbeta za wimbo wake wa kuingilia zilipolia.

Kwa hiyo, Kocha, swali langu ni moja. Tangu umwondoe, amerusha awamu ngapi? Kama jibu ni hakuna, basi umemkalisha benchi mwezi mzima kisha unataka kumtoa moja kwa moja kwenye moto.

Mzee wa Takwimu

Mimi ni wa kizazi kilichoona warushaji wa mwisho wakirusha awamu mbili au tatu bila kulalamika, kwa hiyo mnisamehe nikisema kwamba neno lenyewe «kloza» limewapofusha. Takwimu ya kuokoa mchezo ilibuniwa na mwandishi wa magazeti wa Chicago, Jerome Holtzman, ikawa rasmi mwaka 1969, na tangu hapo makocha wamekuwa wakiipangia mechi badala ya kuwapangia wapigaji. Kuingia awamu ya tisa ukiongoza kwa mikimbio mitatu, wakati wanaokuja ni wapigaji wa saba, wa nane na wa tisa, ni kazi nyepesi kuliko kuingia awamu ya saba ukiongoza kwa mmoja, wawili wakiwa vituoni na mpigaji wao bora anakuja. Lakini wa kwanza anaandikiwa kuokoa, na wa pili haandikiwi kitu.

Vilevile, mechi tano ni chache mno za kumhukumu mtu. Hata huyo Williams, ukiacha wastani wake wa 4.79 ukatazama straiki alizopata, vituo vya bure alivyotoa na homurani alizofungwa, utaona alirusha vizuri kuliko jina lililomwangukia. Lakini wa kwako anatoa vituo vya bure, na hivyo havisingiziwi bahati. Nikuulize jambo ambalo halimo katika daftari lako: kabla hajaingia, anapasha mkono mara ngapi?

Kocha wa Jumapili

Nawashukuru wote. Kwa Dada wa Queens: amerusha awamu moja tu tangu nimwondoe, tena siku tuliyokuwa tumezidiwa kwa mikimbio tisa. Akawatoa watatu kwa mipira 11. Sikuitilia maanani kwa sababu mechi ilikuwa imekwisha.

Kwa Mzee: swali lako limeninyima usingizi, ikabidi nimpigie simu mdakaji wetu wa akiba, ambaye ndiye anayempokea pembeni. Ameniambia kwamba Julai nzima kijana alikuwa akiinuka awamu ya saba kila tulipotangulia, anapasha, anakaa, anainuka tena ya nane, anakaa, kisha anapasha mara ya tatu kabla ya kuingia. Kwa hesabu yake ni mipira 50, pengine 60, kwenye jua la saa nane mchana. Yaani nilikuwa nikimwingiza mtu aliyekwisha kurusha mechi nzima pembeni ya uzio, kisha nikashangaa kwamba halengi. Mei na Juni hakufanya hivyo, kwa sababu mechi nyingi tulizishinda kwa mbali na hakuna aliyemwinua mapema. Aliyekuwa akimpungia mkono ainuke ni mimi.

Mkaazi wa Philadelphia

Basi Kocha, kijana hakupoteza moyo, alipoteza mkono, na aliyeuchosha umejitaja mwenyewe. Mrudishe.

Jirani wa Bronx

Ninalegeza msimamo, ila silegezi wote. Uchovu unaeleza mechi mbili, labda tatu, lakini hauelezi yanayoendelea kichwani mwa mtu aliyeona wenzake wakiinamisha vichwa mara tatu kwa sababu yake. Mariano Rivera, kloza wetu wa Yankees, aliwaacha Boston wasawazishe katika mechi mbili mfululizo za mchujo wa 2004, ya nne na ya tano, na mwaka uliofuata akarudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini Rivera ni mmoja, na alistaafu na mechi 652 alizookoa. Usimpime kijana wako kwa kipimo hicho. Mpe wa kumsaidia aliye tayari, na aambiwe mapema kwamba yupo, asije akageuka kilimani akaona mwenzake anapasha akadhani amesalitiwa.

Mzee wa Takwimu

Nakubaliana na Jirani, na ninaongeza la mpangilio. Usimwambie awamu, mwambie wapigaji. Chukua orodha ya wapinzani, tafuta mahali penye wapigaji watatu ambao hawana subira, wanaopenda kuuwahi mpira wa kwanza, umwambie hao ndio wake, iwe awamu ya saba, ya nane au ya tisa. Mtu anayetoa vituo vya bure anapona haraka mbele ya wapigaji wasiotaka kusubiri. Na apashe mara moja tu. Akishakaa baada ya kupasha, siku hiyo hainuki tena.

Dada wa Queens

Na mdakaji? Umesema hataki kumwona pale. Mrushaji husoma uso wa mdakaji kabla hajasoma ishara za vidole vyake. Kama huyo ndiye atakayechuchumaa nyuma ya kituo cha nyumbani Jumapili, ongea naye kwanza, umweleze habari za kupasha mara tatu, na ukubali mbele yake kwamba kosa lilikuwa lako. La sivyo, mweke yule wa akiba katika awamu hiyo.

Kocha wa Jumapili

Nimeongea na mdakaji jana usiku. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia Julai. Sikuwa na jibu. Amekubali kumpokea, kwa sharti kwamba mpira wa kwanza kwa kila mpigaji uwe slaida, kwa kuwa anasema ndio pekee ambao kijana huutupa bila kufikiri.

Wapigaji niliomchagulia ni wa tano, wa sita na wa saba wa wapinzani wetu. Wakija awamu ya tisa, ataimaliza yeye. Wakija mapema, mrushaji wetu wa pili wa kuanzia atamalizia, naye nimeshamwarifu. Limebaki moja tu, nalo linanitatiza kuliko yote: nimwambie kijana leo Alhamisi, alale nalo siku tatu, au nimwambie Jumapili uwanjani asipate muda wa kuliogopa?

Mkaazi wa Philadelphia

Jumapili. Siku tatu ni nyingi kwa mtu mwenye wasiwasi.

Dada wa Queens

Mpigie leo, Kocha. Na uanze na habari ya kupasha mkono, kabla ya habari ya Jumapili.