Naomba ushauri: geji ya joto la oili inaruka nikiwasha taa

Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, naunda ndege ndogo ya viti viwili, injini Rotax 912. Haijaruka bado, naiwasha ikiwa imefungwa chini.

Injini ikishapata moto geji inasoma 90 vizuri. Nikiwasha taa ya kutua, sindano inaruka hadi 104. Nikizima, inarudi pale pale. Oili haipandi digrii 14 kwa sekunde moja, kwa hiyo nashuku waya. Sensa ni ya waya mmoja, ethi yake (njia ya umeme kurudi kwenye betri) ni bodi ya injini. Geji nimeipa ethi ya dashibodi, pamoja na taa na redio (najua, uvivu wangu).

Nimebadilisha sensa, nimepiga msasa inapokaa, wapi! Multimita kati ya bodi ya injini na ethi ya dashibodi inasoma volti 0.3 taa ikiwaka, ikizimwa karibu sifuri.

Je, nivute waya wa ethi wa geji peke yake hadi kwenye injini, au ethi zote nizikutanishe sehemu moja? Pia, waya za sensa ya joto la ekzosi, aina ya K (ile ya waya mbili za metali tofauti), hazifiki kwenye dashibodi. Naweza kuungia waya wa shaba wa kawaida, au itadanganya?