Diski ngumu ya 4TB inasoma 465GB baada ya kuifunga kwenye PC ya zamani. Ninunue pawasaplai kubwa?

MtaaWaSinza
Wakuu, habari za jioni. Nina Dell OptiPlex 790, ule mnara, Windows 10, pawasaplai yake ya 265W. Nimeongeza diski ngumu mbili, moja mpya ya 2TB na nyingine ya 4TB. Ya 2TB iko sawa. Ya 4TB inaonekana 465GB, imeandikwa RAW (yaani mfumo wa faili hautambuliki), na Windows inanitaka niifomati. Nahisi umeme hautoshi. Kuna pawasaplai ya 500W nimeiona Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Nichukue?

Koleo_Bisibisi
Pawasaplai haibadilishi ukubwa unaosomwa. Diski ya inchi 3.5 huvuta kama ampea 2 kwenye volti 12 sahani zinapoanza kuzunguka, yaani wati 24 hivi kwa sekunde chache, kisha hushuka hadi wati 6 au 8. Kama huna kadi kubwa ya picha, 265W zinabeba diski tatu. Umeme ukipungua utasikia diski inaanza, inagonga tik, inazima, inaanza tena.

Ila niambie, waya wa umeme wa hiyo diski umetoa wapi? Kama ni adapta ya kutoka ile plagi nyeupe ya pini nne, angalia kichwa cha SATA, kile kinachoingia kwenye diski. Kama kimemiminwa plastiki nzima, kitoe. Nyaya humo ndani hukaribiana, plastiki ikilainika kwa joto volti 12 inagusana na ya jirani, na kichwa kinaungua. Tafuta chenye nyaya zilizobanwa moja moja na mfuniko wa nyuma unaofunguka.

Mwanamsasani
Na usizipange diski zikigusana. Acha nafasi moja wazi katikati, feni ya mbele ipulize. Kwa joto la Dar, ikivuka nyuzi 45 muda wote, unaichosha.

Mama_Nakala
Mdogo wangu, kuna nini ndani ya hiyo 4TB? Na nakala yake iko wapi?

MtaaWaSinza
Video za harusi na vipaimara vya wateja, kama 1.6TB. Nakala sina, ndiyo maana naongeza diski. Nimeshaongea na fundi, anasema tuifomati kwanza halafu ataziokoa kwa programu. Kesho asubuhi nampelekea.

Mama_Nakala
Usimpelekee. Tangu Windows Vista, fomati isiyo ya haraka huandika sifuri diski nzima. Akisahau tiki ya Quick Format, hakuna programu itakayorudisha kitu. Video za harusi ya mtu ni amana, mwanangu.

Koleo_Bisibisi
Kabla ya hapo hiyo diski ilikuwa wapi? Kwenye PC nyingine au ndani ya kasha?

MtaaWaSinza
Ilikuwa diski ya nje, ya USB. Nimepasua kasha nikaitoa. Lakini sikufanya ovyo: mashine hii ina USB 2.0 tu, ndani kwenye SATA ndiko kuna kasi. Na pawasaplai nimeshatanguliza pesa.

Shahidi_Kimya
Hii chai. Aina ya patisheni (mgawanyo wa diski) ikoje? Fungua Disk Management, bofya kulia kwenye diski, Properties, kisha Volumes.

MtaaWaSinza
Imeandikwa MBR.

Shahidi_Kimya
Si nilisema? MBR, jedwali la zamani la patisheni, inaishia 2.2TB. Hakuna diski ya 4TB iliyowahi kujaa kama patisheni moja kwenye MBR. Umetunga, mkuu, mods fungeni uzi.

Koleo_Bisibisi
Hajatunga. Chukua 3,726, ndizo GB za diski ya 4TB kwa hesabu ya Windows, gawanya kwa 8. Unapata 465 na kitu. Namba hiyo haiokotwi.

MBR inahesabu sekta, vile vipande vidogo vya diski, mwisho bilioni 4.29. Sekta ikiwa ya baiti 512, unaishia 2.2TB. Lakini kibao cha saketi kwenye makasha mengi ya USB kiliitambulisha diski kwa sekta za baiti 4096 ili hata Windows XP iweze kusoma zaidi ya 2TB. 4096 ni 512 mara 8. Ameichomeka kwenye SATA moja kwa moja, Windows imesoma idadi ileile ya sekta iliyoandikwa kwenye MBR, kama milioni 976, ila kwa sekta ndogo. Ndiyo maana imepungua mara nane, na mfumo wa faili hauonekani mahali ulipotarajiwa.

Kile kibao unacho?

Shahidi_Kimya
Nimeelewa. Samahani, MtaaWaSinza.

MtaaWaSinza
Kipo kwenye droo! Plastiki ndiyo imevunjika.

Koleo_Bisibisi
Zima PC, chomoa diski. Ichomeke kwenye kibao hichohicho, usikope cha kasha jingine, maana vingine husimba data na cha kampuni nyingine hakitaisoma. Tumia adapta yake ya volti 12. Ya laptopu ni 19, itaunguza. Iweke juu ya mbao, sehemu ya saketi isiguse chuma, kisha USB ya nyuma ya PC.

MtaaWaSinza
Imeonekana! 3.63TB, mafolda yote. Mikono inatetemeka, wakuu. Naihamishia kwenye ile ya 2TB, inasema saa 15.

Koleo_Bisibisi
Kwa USB 2.0, megabaiti 30 kwa sekunde, ni sahihi. Nakili, usikate na kubandika. Zima usingizi wa Windows, na kama una UPS chomeka PC na kibao vyote viwili, maana umeme ukikatika kibao nacho kinazima.

Mama_Nakala
Ikimaliza, fungua video kadhaa kila folda, uzisogeze hadi mwisho zicheze. Ndipo urudishe 4TB kwenye SATA, ufute patisheni, uchague GPT (jedwali jipya badala ya MBR), ufomati, kisha unakili tena humo ili ziwe sehemu mbili.

MtaaWaSinza
Na pesa ya pawasaplai?

Koleo_Bisibisi
Mwombe muuzaji akubadilishie kwa waya wa umeme wa SATA uliobanwa na kebo ya data yenye kishikizo cha chuma.