Kipimo cha damu kimesema sina kansa ya titi, lakini kidonge titini bado nakigusa. Nifanyeje?

BintiBarani (Malindi)
Assalaam aleikum wana jukwaa. Nina miaka 41, watoto watatu, naishi Barani hapa Malindi. Kabla ya Ramadhani nilikuwa naoga, mkono ukapita kwenye titi la kushoto karibu na kwapa, nikagusa kitu kama kokwa ya ubuyu. Hakiumi. Nikanyamaza nikidhani ni mambo ya mwezi. Mwezi ukaja ukaenda, chenyewe kipo pale pale.

Nikaelekezwa maabara moja ya binafsi, jina naliacha. Wakanambia siku hizi hakuna haja ya kubanwa titi kwenye mashine, kuna kipimo cha damu cha otoantibodi kinachoiona kansa miaka mitano kabla ya dalili. Sh 12,000. Nilichota pesa ya karo ya mtoto. Jibu limerudi karatasi moja: HASI, na mhuri wa buluu juu yake. Mume wangu kafurahi, amesema habari hizo zishaisha. Lakini usiku nikilala mkono unakwenda wenyewe. Na mama mdogo alituondokea kwa maradhi haya haya. Karatasi hii niiamini?

MzeeMaabara (Mombasa)
Pole dada. Nimekaa maabara miaka 19, nitakwambia bila kukuficha.

Otoantibodi si uongo. Seli ya saratani hutoa protini zilizoharibika, au nyingi kupita kiasi. Kuna p53, kuna HER2, kuna MUC1 na nyingine. Kinga inaziona ngeni, ingawa ni za mwili huo huo, inazitengenezea kingamwili. Ndizo hizo. Kivimbe kidogo hutoa protini chache mno, huzioni kwenye damu, lakini kinga ikishazishtukia hutoa kingamwili kwa wingi. Mwizi anayepita mtaani usiku humwoni, ila mbwa wa mtaa mzima unawasikia. Tangu 1982 iliandikwa kwamba baadhi ya wagonjwa wa saratani ya titi wana kingamwili dhidi ya p53.

Hiyo "miaka mitano" ilivuma Novemba 2019 kutoka Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Walipima damu ya wanawake 90 wenye saratani ya titi na 90 wasio nayo. Walipotumia protini 9 kwa pamoja, walinasa asilimia 37 ya wagonjwa, na kati ya wasio nayo, asilimia 79 waliambiwa sawasawa kwamba hawana. Piga hesabu mwenyewe. Wagonjwa 100 wakipimwa hivyo, 63 wataondoka na karatasi ya HASI kama yako. Wazima 100, 21 watatiwa hofu bure. Watafiti wenyewe walisema kipimo bado kinahitaji kuboreshwa.

Kwenye karatasi yako wameandika protini zipi?

BintiBarani
Hamna. Jina langu, jina la kipimo, HASI, basi.

MitiDawa
Hasi ni hasi dada, shukuru Mungu. Nina unga wa mlonge na habasoda, uvimbe unayeyuka siku 21. Njoo pembeni tuongee bei.

MkeWaNahodha (Lamu)
Wewe wa mlonge, mlonge ni mboga. Utie nazi ule.

Mwanangu, mimi ni wa Langoni. Nilipogusa changu nilikaa miezi minane nikinywa kombe, yale maji ya aya za Kurani, na kuambiwa ni jicho la watu. Kombe sikulikana, nalinywa hadi leo, ila lingeenda sambamba na hospitali. Mwisho mwanangu wa kiume akanipakia boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa. Nikapigwa picha ya altrasaundi, kisha sindano ya kutoa kinyama. Daktari aliifyatua hewani kwanza nisikie mlio wake, "tak!", ili nisishtuke ikiwa mwilini. Vikatoka vinyama vyembamba kama tambi, akavitia kwenye kichupa. Hivyo ndivyo vilivyosema ukweli. Titi moja sina, vidonge vya dawa nilimeza kila siku miaka mitano, na leo nimekaanga mahamri ya watu arobaini.

KakaMsabaha
Swali kwa mzee: kwa nini basi asirudie hicho kipimo mara mbili tatu?

MzeeMaabara
Kwa sababu mwili ambao haukutengeneza kingamwili hizo hautazitoa kwa kuwa umelipa tena. Si kila mgonjwa anazo. Na upande wa pili, mtu anaweza kuwa na otoantibodi bila saratani yoyote. Wenye lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wake wenyewe, wanazijua vizuri. Scotland walijaribu kipimo cha namna hii kwa saratani ya mapafu, watu zaidi ya 12,000, na hata huko aliyeonekana chanya alipelekwa kwenye skani. Damu ilichagua nani apigwe picha, basi.

Lakini dada wewe huhitaji kuchaguliwa, kidonge unakigusa. Daktari akipapase, upigwe altrasaundi na mamogramu, ile mashine ya kubana titi, na wakiona haja, sindano. Vivimbe vingi vya titi si saratani, usianze kujizika. Ila hakuna karatasi ya damu inayokitolea hukumu.

BintiBarani
Mrejesho, wiki moja baadaye. Nimekwenda hospitali ya serikali. Nimepakwa ile jeli baridi kama samaki wa barafu. Kidonge kina sentimita 1.4, na yule aliyepiga picha alirudi pale pale mara tatu. Sindano ni Alhamisi. Mume wangu nilimsomea hesabu ya mzee, 37 na 63, akanyamaza, kisha akaniuliza saa ngapi tutoke.

Mama wa Lamu, hiyo "tak" inauma?

MkeWaNahodha (Lamu)
Ganzi ndiyo inayochoma, kama siafu. Baadaye unahisi kusukumwa tu. Usivae dera, utavuliwa lote. Vaa blauzi ya vifungo mbele, na buibui la kufunguka.

BintiBarani
Nimeazima ya dada.