Aliyeacha kuku wa barafu kwenye rafu ya sabuni, alipishwe?

Mpanga Rafu

Swali langu ni moja. Mteja anachukua kuku wa barafu kwenye friza, anamzungusha dukani nusu saa, kisha anaghairi na kumchomeka kati ya sabuni za unga. Kamera imemwona. Duka limlipishe?

Nasema limlipishe. Sokoni ukiangusha trei ya mayai ya mtu unalipa palepale, wala hakuna anayekwenda kuuliza sheria inasemaje. Ila ndani ya supamaketi, kwa kuwa mwenye mali haonekani, kila kitu kinageuka cha kuharibu bure: mtindi juu ya madaftari, aiskrimu nyuma ya pampasi, nyama ya kusaga kwenye rafu ya taa. Mfanyakazi huigundua kesho yake akifuata harufu. Hasara hiyo haipotei, inaingia kwenye bei ya kuku atakayenunuliwa na mstaarabu.

Fundi Baridi

Kabla ya kulipishana tutenganishe vitu, maana si kila kilichoachwa nje kimeharibika.

Maziwa ya boksi ya kukaa muda mrefu yamepashwa zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache na kufungwa bila vijidudu. Ukiyakuta kwenye sabuni, yarudishe kwao, basi. Maziwa freshi ya pakiti, yanayopashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, yanataka baridi isiyozidi nyuzi 5 tangu kiwandani hadi nyumbani. Mtindi una uchachu unaozuia vijidudu vingi, kwa hiyo haudhuru haraka, ila unazidi kuchacha, kifuniko kinavimba, na hakuna atakayeugusa. Aiskrimu ikilainika, hewa iliyopigwa ndani yake inatoka. Ukiigandisha tena inarudi na chembe za barafu zinazokwaruza ulimi.

Kuku ndiye mwenye balaa. Friza ya duka inatakiwa kukaa -18. Baridi hiyo haiui salmonela, kijidudu kinachosumbua tumbo, inailaza tu. Kuku akiwa nje, ngozi inayeyuka mapema huku ndani ya kifua bado kuna barafu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: wanambonyeza, wanaona mgumu, wanamrudisha frizani. Kumbe vijidudu viko juu, kwenye ngozi, na vikipata joto vinalolipenda vinaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Kanuni wanayofundishwa wanaoshika chakula ni kwamba kitu cha baridi kisikae nje zaidi ya dakika 120, na hewa ikipita nyuzi 32, dakika 60. Mombasa mwezi wa tatu nyuzi 32 si ajabu, na si kila duka lina kiyoyozi kinachofanya kazi.

Kinachomlazimisha mpanga rafu amtupe kuku huyo ni kutojua muda. Huenda amewekwa dakika 10 zilizopita, huenda ni tangu asubuhi. Na duka lisilo na nidhamu humrudisha frizani kimya kimya. Ukitaka kumjua kuku wa namna hiyo, tazama chini ya trei: maji mekundu yaliyoganda bapa upande mmoja, theluji nyingi ndani ya mfuko, vipande vilivyoshikana donge moja. Njegere za barafu pia zinasema ukweli. Tikisa mfuko, zikiwa jiwe moja, ziliwahi kuyeyuka.

Mnunuzi Huru

Fundi ameeleza vizuri, lakini tuulize kwa nini watu wanaghairi. Lebo ya rafu inasema 480, mashine inasoma 545. Ofa imeisha Jumapili, bango bado linaning'inia Jumatano. Kuku wa kupimwa ana bei ya kilo kwa maandishi makubwa na bei ya pakiti kwa maandishi ya mchwa. Mtu mwenye noti moja mfukoni anapiga hesabu akitembea, na hesabu ikimshinda anatua mzigo alipo. Huo ni uzembe wa duka. Msiuite uchoyo wa mteja.

Kaunta Nne

Nusu kweli, Mnunuzi. Hesabu ikikushinda, kaunta ipo. Mpe keshia useme "hiki nimeghairi" *kabla* hajakipitisha kwenye mashine. Hakuna gharama, hakuna maelezo, kinawekwa pembeni.

Kikishapita, keshia hana uwezo wa kukifuta peke yake. Anampigia kengele msimamizi, msimamizi anakuja na kadi au funguo yake, anaingiza namba, anafuta. Mpango huo si wa kumkera mteja. Upo ili keshia asiwe anampitishia rafiki yake bidhaa na kuzifuta nyuma ya pazia. Lakini jioni ya mwisho wa mwezi, msimamizi mmoja akiwa na kaunta sita, kufuta kopo moja la majani ya chai kunaweza kusimamisha watu wanane.

Na hapa nawatetea wateja: wengi humficha kuku kwa aibu. Keshia akiguna, au akitangaza kwa sauti "mama hana hela ya kuku!", mtu yule hatarudisha kitu kaunta tena maishani.

Wakili wa Risiti

Mpanga Rafu, kwenye sheria umeteleza. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya chama cha wafamasia dhidi ya Boots, kampuni ya maduka ya dawa: bidhaa kuwa rafuni ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayeomba kununua akifika kaunta, na mauzo yanafungwa keshia akikubali. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya (Sura 31) na Tanzania (Sura 214) zimechipuka kwenye shina hilohilo la Kiingereza. Kwa hiyo kabla ya kaunta hakuna mauzo, mteja ana ruhusa ya kughairi, na huwezi kumdai *bei*.

Unachoweza kudai ni *fidia* ya mali iliyoharibiwa kwa uzembe, na mzigo wa kuthibitisha ni wako: kwamba ni yeye, ni kuku yuleyule, alitoka frizani akiwa mzima, na kilichomharibu ni muda aliokaa nje wala si friza iliyozimwa usiku kubana umeme. Gharama ya kesi itapita bei ya banda zima. Lile bango la "Ukivunja umenunua" ni la kutisha tu, halina nguvu ya sheria peke yake. Na ukimzuia mlangoni mtu ambaye hakuiba mpaka alipe, atakayejibu mashtaka ni duka.

Mpanga Rafu

Sawa, wakili. Basi atakayelipa tunamjua: kijana wa zamu. Mwisho wa mwezi anaambiwa "upungufu wa sehemu yako".

Wakili wa Risiti

Kwa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata kiasi cha haki pale hasara ilipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kuku aliyetupwa na mteja si kosa lake. Hata makato halali yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kijana aombe karatasi inayoonyesha kakatwa nini na kwa kosa gani. Makato mengi ya aina hii hufa yakitakiwa kwa maandishi.

Bi Mizani

Mmeganda kwenye friza, njooni kwenye mboga. Huku uharibifu ni wa kila dakika na kamera hazisaidii.

Parachichi: watu wanaliminya tumboni kwa dole gumba. Jeraha lile halionekani leo. Nyama ya ndani inageuka nyeusi baadaye, nyumbani kwa mtu mwingine. Liweke kiganjani, bonyeza taratibu karibu na kikonyo. Likilegea kidogo tu pale, limeiva. Nyanya usiibonyeze kabisa, itazame rangi na kikonyo. Mkate vilevile: tarehe imeandikwa kwenye mfuko, kuuminya hakukuambii lolote zaidi ya kuacha alama za vidole vyako.

Sasa mizani. Katika maduka mengi unapima hukohuko kwenye mboga na kubandikiwa stika. Wanaofika kaunta na ndizi zisizo na stika ndio wanaosimamisha foleni, kwa sababu keshia hana mizani, lazima mtu arudi. Mwingine anapima ndizi nne, anabandika, halafu anaongeza mbili. Ile namba ya milia kwenye stika, huanza na 2, imebeba aina ya bidhaa pamoja na uzito au bei. Keshia akishika mfuko wa kilo na nusu unaosoma gramu 900, anajua. Huo si ukosefu wa adabu, ni wizi, na kuuita utani hakuubadilishi.

Mnunuzi Huru

Na anayechimba nyuma ya rafu kutafuta maziwa ya tarehe ya mbali? Naye mchoyo?

Bi Mizani

Inategemea unayanywa lini. Duka hupanga ya tarehe ya karibu mbele ili yatoke kwanza. Kama ni ya chai ya leo jioni, chukua ya mbele; ukichukua ya nyuma, yale ya mbele yatamwagwa bila sababu. Kama ni ya wiki nzima, una haki ya kuchimba, mradi urudishe ulizozitoa. Kinachoudhi ni pakiti sita kuachwa sakafuni na mlango wa friji wazi. Lakini duka nalo lishushe bei ya zinazokaribia tarehe. Ukiuza ya kesho na ya wiki ijayo kwa bei moja, unamfundisha mteja kuchimba.

Kaunta Nne

Turudi kwenye foleni, maana ndipo ngumi zinapokaribia kurushwa. Kuna mtu anaacha kikapu kwenye foleni "kimshikie nafasi", anakwenda kununua nusu ya vitu vyake. Msimamo wangu: kikapu hakisimami foleni. Ukisahau chumvi, mwombe aliye nyuma yako, nenda, rudi kabla zamu yako haijafika. Ukikuta zamu imefika, mwenye kikapu amepitwa, asigombe.

Malipo ya simu nayo. Kwa M-Pesa ya Kenya, keshia akiingiza namba yako, ombi linatokea kwenye simu, unaweka PIN. Ukichelewa, ombi linakufa na kazi inaanza upya. Kwa hiyo simu iwe mkononi, ina chaji, salio umeliangalia *ukiwa foleni*. Wanaoanza kumpigia dada yao awatumie hela baada ya jumla kutajwa, hao ndio wangefaa kulipishwa kabla ya mwenye kuku! Na ujumbe ukichelewa kufika, usilipe mara ya pili kwa haraka. Mwache keshia aangalie kwenye mfumo wake kwanza.

Mnunuzi Huru

Lakini kaunta sita, mbili tu ndizo zinazofanya kazi, si kosa la mwenye kikapu. Wekeni foleni moja inayogawanyika mbele, kama benki. Ukikwama nyuma ya mwenye ndizi zisizo na stika, kaunta nyingine inaendelea kukuvuta. Wajawazito na wazee wapitishwe mbele na duka lenyewe, si kusubiri huruma ya wateja.

Kaunta Nne

Hapo sina ubishi, ila foleni moja inataka nafasi ya matoroli kujipinda, na maduka mengi yameijaza nafasi hiyo kwa pipi na chokoleti.

Kuhusu kuku, pendekezo: kila kaunta iwe na kikapu cha vilivyoghairiwa, na kimoja kati ya hivyo kiwe boksi la baridi. Kijana alipitie kila dakika 15.

Mpanga Rafu

Na aliyemzungusha kuku saa nzima ndipo amlete kaunta kwa upole? Utamrudisha frizani tumle sisi?

Fundi Baridi

Unampima. Kipimajoto cha miale kinasoma juu ya mfuko kwa sekunde chache, ingawa karatasi inayong'aa hukidanganya, kwa hiyo elekeza kwenye sehemu isiyong'aa au tumia cha sindano kati ya pakiti mbili. Chini ya sifuri na mfuko mkavu, arudi frizani. Kati ya sifuri na 5, aende friji ya nyama auzwe leoleo kama aliyeyeyuka, kwa bei pungufu. Juu ya 5, atupwe, aandikwe kwenye daftari la hasara pamoja na saa. Baada ya mwezi daftari litawaonyesha ni wangapi waliletwa kaunta na wangapi waliokotwa kwenye sabuni.

Mpanga Rafu

Boksi nalikubali. Lakini yule wa kwenye kamera bado nataka aitwe aonyeshwe picha yake.

Wakili wa Risiti

Muonyeshe ofisini, mlango wazi, na usiibandike ukutani.