Kifungua kinywa bila maziwa, mayai wala nyama: wewe unakula nini asubuhi? Tupeane uzoefu

Mzee wa Pugu
Wakuu, habari za majukumu.

Nimeoa Msabato. Najua Wasabato wako wa kila namna na wengi wanapiga kuku kama kawaida, ila nyumba niliyooa mimi ni ya wale wenye msimamo. Nyama hamna, mayai hamna, maziwa hamna, na majani ya chai nayo hamna. Mimi asubuhi yangu tangu ujana ni supu na chapati mbili kibandani, au chai ya maziwa na mkate wenye yai. Sasa mezani nakuta mchaichai na viazi vitamu. Jumatatu viazi vitamu, Jumanne viazi vitamu, Jumatano vya kuchemsha vilevile ila vimekatwa vidogo. Mke si mvivu, kakulia hivyo na anavipenda.

Sitaki ugomvi ndani, na sitaki kila asubuhi niwe natorokea kwenye supu. Wenye uzoefu wa vitafunwa vya mimea tupu, leteni. Kuna siku nataka kitamu, kuna siku nataka chumvi na pilipili.

Chapombe Mstaafu
Bila picha ya hivyo viazi huu uzi batili.

Bint Chumbageni
Shemeji, umeangukia neema hujui. Hapa Tanga watu tunafungua kinywa na mbaazi za nazi na mahamri tangu enzi za bibi zetu na hakuna aliyewahi kuuliza nyama iko wapi.

Loweka mbaazi kavu usiku. Asubuhi mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka uibonyeze kwa vidole ipasuke. Chumvi usiweke mapema. Kuna nazi: tui la kwanza zito weka pembeni, la pili na la tatu mimina kwenye mbaazi pamoja na kitunguu, manjano kidogo na pilipili mbichi nzima usiipasue. Lichemke lipungue. Tui zito linaingia mwisho kabisa, na hapo usiondoke jikoni hata simu ikiita, koroga taratibu upande mmoja. Ukiliacha likakatika, yanabaki mafuta juu na maji chini, basi umeliwa.

Mahamri yake kandia tui badala ya maziwa, iliki ya kutwanga, sukari kiasi, hamira. Yai la nini? Anayeweka yai kwenye mahamri ana lake jambo.

Kusini Kwetu
Mmeniamsha. Mimi ni wa Lindi na mbaazi siwezi kuiweka mdomoni. Mwaka 2017 tulilima kama vichaa kwa sababu msimu mmoja nyuma bei ilikuwa ya kutajirika. Mwezi wa nane India wakabana uagizaji, wakaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka. Wanunuzi wakayeyuka. Bei ikaporomoka mpaka ukihesabu gunia, kibarua na usafiri, bora uziache shambani. Baba yangu aligoma kuziacha. Tukazila asubuhi na chai ya rangi, mchana na ugali, usiku zenyewe. Hata nazi ilipokwisha tuliendelea. Leo nikisikia harufu ya mbaazi zinachemka naona yale magunia yamepangwa mpaka chumbani kwetu.

Mapishi yako mazuri dada, sina ubaya. Lakini mimi nile muhogo.

Bint Chumbageni
Pole kaka. Kunde basi?

Kusini Kwetu
Kunde sawa. Hazijanikosea.

Ngosha Asilia
Hivi Wasukuma tumesahaulika? Michembe na matobolwa. Hivyo viazi vyako unavyovilalamikia, Mzee wa Pugu, mkeo avikate vipande avianike vibichi, hiyo ni michembe. Au avichemshe kwanza ndipo avianike, hayo ni matobolwa, matamu mpaka yanavutika kwenye meno. Michembe unaichemsha asubuhi, unapondea karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo. Ukila saa moja njaa utaisikia saa nane. Inakaa ghalani hata mwaka.

Chapombe Mstaafu
Jamaa analalamika kachoka viazi, wewe unampa viazi vikavu. Ushauri wa kitaalamu huu.

Nyanya Chungu
Mie maharage ya nazi ya sukari. Yanachemshwa yaive hasa, tui, iliki, sukari. Unatelezesha na mkate wa mofa. Kwetu Unguja hatuyali Ramadhani tu, hata siku za kawaida.

Mangi Asiye na Duka
Samahani, sukari kwenye maharage??

Nyanya Chungu
Ndiyo. Sukari. Kwenye maharage. Una swali jingine?

Mangi Asiye na Duka
Sina. Naomba tu Mungu aangalie hili jambo. Maharage ni chumvi. Kwetu Kibosho tunapika kiburu, ndizi mbichi na maharage vinasagwa pamoja na magadi kidogo, unakula cha moto asubuhi unaenda kulima. Sukari peleka kwenye uji.

Ngosha Asilia
Uji nao ukiwekwa sukari umeharibiwa. Uji ni ndimu au ukwaju.

Nyanya Chungu
Na uji wa pilipili manga je, nao mtaukataa? Mchele wa kusaga, tui, sukari, pilipili manga. Koo linafunguka lenyewe. Watu wa bara mnaishi kwa shida sana.

Mama wa Watatu
Napita kimya siku zote ila hili la maziwa limenigusa pabaya, leo nitaandika.

Mwanangu wa kwanza ana mzio wa maziwa ya ng'ombe. Sisemi maziwa yanamjaza gesi, nasema mzio. Nilipomuanzishia uji wenye maziwa alitoka vipele shingo nzima, macho yakavimba. Daktari akasema maziwa na chochote kilichoguswa na maziwa, basi. Ndipo nyumba nzima tukahamia vitafunwa vya mimea, kwa sababu huwezi kupika sufuria mbili kila asubuhi na mtoto anadokoa kila kikombe.

Mtoto ana miaka miwili, Desemba tukaenda ukweni, vijijini ndani ndani Korogwe. Nikamweleza mama mkwe siku ile ile tulipofika. Akanisikiliza, akasema sawa mwanangu. Ila nilimsikia jioni anamwambia jirani, "Mtoto wa kiume atajengwa na uji wa maji?" Nikanyamaza. Ukweni.

Asubuhi moja nikapika uji wa ulezi wenye karanga za kusaga, nikauweka kwenye chupa ya chai, nikaenda mashineni kusaga. Foleni ilikuwa ndefu. Narudi, naona kuku wamezunguka kitu cheusi uani wanadonoa. Nikaangalia vizuri, ni uji wangu. Umemwagwa.

Ndoo ya unga ilinidondoka. Nikaingia, bibi amempakata mjukuu, kikombe cha bati kiko chini, kina utando mweupe kwenye ukingo. Mtoto anajikuna shingo kwa mikono yote miwili. Mdomo wa juu umefura umefunika meno. Alipotaka kuniita sauti haikutoka, alitoa kitu kama kikohozi cha jogoo. Bibi ananiambia, "Amekunywa chote, muone alivyoshiba."

Sikumjibu. Nilimvuta mtoto nikatoka mbio barabarani bila viatu. Bodaboda wa kwanza alikuwa na gunia la mkaa, akalishusha palepale kwenye matope bila kuuliza. Njia nzima nahesabu pumzi za mtoto mgongoni mwa yule kijana. Zahanati muuguzi alikuwa anafagia baraza. Aliangalia mara moja tu akatupa ufagio. Sindano ya adrenalini, pajani, juu ya suruali hiyo hiyo. Halafu

Nitamalizia, anaamka huyo mdogo.

Kusini Kwetu
Dada usitufanyie hivyo.

Mangi Asiye na Duka
Halafu nini? Mtoto mzima?

Simba wa Yuda
Huyo mama mkwe ni mchawi, mseme msiseme. Anaambiwa kitu kinaua yeye anafanya.

Nyanya Chungu
Mchawi nini? Bibi wa watu kakamua ng'ombe wake mwenyewe alfajiri kumpa mjukuu. Alijuaje maziwa yanaua? Wewe ungeambiwa maji yanaua ungekubali?

Simba wa Yuda
Aliambiwa!

Nyanya Chungu
Kuambiwa na mkwe si kuambiwa. Muulize yeyote mwenye mama mkwe.

Chapombe Mstaafu
Uzi wa vitafunwa umekuwa wa polisi. Mzee wa Pugu kula viazi vyako mzee, viko salama.

Mwana Kisauni
Mie Mombasa. Wanangu wamechoka mahamri wanataka vitu vya bara, nduma, yaani magimbi, na chai ya strungi, ile ya rangi. Tafadhalini mama aje amalize hadithi, nimechelewa kazini.

Dawa Chungu
Wakati tunasubiri, mimi nafanya kazi kituo cha afya, niweke jambo moja sawa. Watu wazima wengi kwetu maziwa yanawavuruga tumbo kwa sababu hawana kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa. Hiyo inakera, haiui. Aliyonayo mtoto wa huyu dada ni kinga ya mwili kupambana na protini ya maziwa, na hiyo inaweza kufunga njia ya hewa. Usije ukasema "hata mimi maziwa yananisumbua ila nakunywa kidogo kidogo" ukampa mtoto wa mtu.

Ngosha Asilia
Si angempa ya mbuzi tu.

Dawa Chungu
Hapana! Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, wengi wenye mzio wa hili wanapata na wa lile. Na tui la nazi msilihesabu kuwa ni mbadala wa maziwa kwa mtoto mdogo, ni mafuta mengi na protini kiduchu. Ulezi una madini ya chokaa mazuri, karanga na kunde zina protini. Karanga chagua, yenye ukungu au iliyosinyaa tupa, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiishi kwa kukaanga. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya mahindi.

Mama wa Watatu
Nimerudi. Mtoto mzima, yuko darasa la nne.

Baada ya sindano alilia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile. Tukawekwa pale mpaka jioni maana muuguzi alisema inaweza kurudi. Kama saa sita hivi mama mkwe akafika kwa miguu, kanga moja, ndala mkononi. Akasimama mlangoni hakuingia. Akamwambia muuguzi, "Hayo maziwa yamebaki nyumbani. Nendeni mkayalete na mimi niyanywe nife."

Wifi zangu walinisema mwaka mzima, kwamba nimemdhalilisha mama yao mbele ya watu. Mume wangu alikuwa kama karani wa mahakama, anasikiliza pande zote hasemi. Yeye bibi mwenyewe ndiye aliyebadilika. Arusi ya mtoto wa mdogo wake alimpokonya mwanangu keki mdomoni mbele ya kamati nzima, akamwingiza kidole akakitoa kipande. Mwenye keki hajamsamehe. Kwake sasa asubuhi ni vitumbua: mchele unalala kwenye maji, unasagwa na tui, iliki, sukari, hamira, unaumuka mpaka unatoa mapovu. Tena ana chuma chake cha vitumbua cha mjukuu peke yake, kisichoguswa na samli.

Kusini Kwetu
Nimelia ofisini.

Simba wa Yuda
Bado nasema alijua.

Mswahili wa Muscat
Huku Oman wazee wetu waliotoka Unguja Ijumaa asubuhi bado ni mahamri na mbaazi. Nazi mbichi ni taabu, tunatumia ya unga au ya kugandishwa. Ya unga koroga na maji ya vuguvugu. Na muhogo wa nazi pia tunapika.

Dawa Chungu
Kwenye muhogo, ukiuonja ukaona mchungu usiulazimishe kwa nazi na pilipili. Huo unahitaji kumenywa, kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa. Miaka ya 1980 Tarime watu walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri. Ile ya kutafuna mbichi barabarani na pilipili ni mitamu, tofauti.

Na wewe Mzee wa Pugu, kama ni mimea tupu kweli, vitamini B12 haipo kwenye mimea. Ulizia vidonge.

Mzee wa Pugu
Nimesoma yote, asanteni. Mke kasoma pia, kacheka ya maharage ya sukari, kasema hata kwao hawajafika huko. Kesho tunajaribu bajia za kunde maana mimi nataka chumvi. Naona watu wanaweka unga wa ngano zishikane. Kiasi gani?

Mwana Kisauni
Vijiko viwili.

Bint Chumbageni
Usiweke hata kijiko! Kunde loweka, sugua mpaka maganda yaelee, yamwage. Saga na maji machache kabisa, zikiwa nzito. Halafu piga kwa mkono au mwiko kwa muda, mpaka tone ukilidondosha kwenye kikombe cha maji lielee. Likizama endelea kupiga. Chumvi na kitunguu ni mwishoni, unapoweka mafuta jikoni, ukitia mapema zinatoa maji.

Mwana Kisauni
Nimeweka ngano miaka yote na watu wanamaliza sahani.

Bint Chumbageni
Wanakuheshimu.