Spika mlimani Kilimanjaro: ziachwe getini au watu wajipe raha?

MLETA MADA
Wakuu, habari za jioni. Nimeshuka mlima wiki hii kwa njia ya Marangu na kuna jambo limenikera, nalileta tulijadili. Kutoka Mandara kwenda Horombo, vituo vya kulala njiani, tulifuatana na kundi la vijana, mmoja kaning'iniza spika kwenye begi, Bongo Fleva na amapiano mwanzo mwisho. Hoja yangu ni fupi: spika zizuiwe getini kama inavyozuiwa mifuko ya plastiki tangu Juni 2019 na chupa za maji za kutupa. Anayetaka muziki avae hedifoni.

Msinijibu kwamba nimekwenda kutafuta utulivu, nikae nyumbani. Marangu ndiyo njia pekee ambayo mtu anapandia na kushukia palepale. Huku wanakuja waliotoka kileleni magoti yanatetemeka, huku nyuma anakuja mpagazi na mzigo unaoruhusiwa kufika kilo 20, anawahi mbele ili wewe ukifika ukute chai. Anaomba njia mara ya kwanza, ya pili, husikii. Mara ya tatu anaingia majanini kukuzunguka. Hiyo ndiyo kero yangu, mengine ni ladha za watu.

KIJANA WA TEMEKE
Mkuu, mbona unatubania? Miaka yote tunaambiwa Watanzania hatupandi mlima wetu, tunawaachia wageni. Sasa watu wanajichanga, Desemba 9 wanajaa getini, tunaambiwa tuna kelele. Halafu wapagazi wenyewe wanaimba na kucheza kambini, wazungu wanarekodi na kupiga makofi. Ile si kelele? Au kelele ni ya Mswahili aliyelipa kiingilio?

Na ule muziki ndio ulionifikisha Gilman's, pale ukingoni mwa kreta. Bila hivyo ningegeuzia kituo cha Kibo, cha mwisho kabla ya kilele.

MGUMU WA ZAMANI
Kijana, shikamoo yangu sijaiona, lakini nakujibu. Nimebeba mizigo mlima ule mpaka goti likakataa. Ni kweli tunaimba, tena sana. Tunaimba kambini, tumesimama, mizigo iko chini, mgeni kafika au tunamuaga siku ya mwisho. Hutamkuta mgumu, ndivyo tunavyojiita wapagazi, anaimba kwenye ukuta wa Barranco.

Kwa msiopafahamu: Barranco iko kwa wanaopita Machame, Lemosho na Umbwe. Ni mwamba unaopandwa kwa kushika na mikono. Mgeni ana mikono miwili. Sisi tuna mzigo kichwani, mkono mmoja umeushika, unabaki mmoja wa kushikia jiwe. Na asubuhi makundi yote yanaondoka pamoja, kwa hiyo foleni. Hapo masikio ndiyo yanayotuongoza: mwongozaji anasema subiri, wa juu anasema jiwe limetoka. Weka muziki hapo uone.

Tena wengi wanapisha vibaya. Wakisikia tunakuja wanakimbilia upande wa bonde, eti wametuachia nafasi. Wewe simama upande wa mlima, jibane, tulia. Usisogee tena. Mgumu ataangalia mwenyewe apite wapi. Anayesogea mara mbili ndiye anayetuangusha.

Lakini nikiambiwa nichague kero moja tu, si spika. Ni tishu. Pale kwenye jabali la Lava Tower, mita 4,600, zunguka nyuma ya jiwe lolote kubwa. Choo cha hema kina mtu wake wa kukibeba, na kampuni ya bei ya chini ikitaka kupunguza gharama huanzia hapo. Mgeni anajisaidia mwambani, anafunika na kijiwe, anaondoka. Baridi ile haiozeshi kitu. Taka zinapimwa kwenye mizani na askari wa hifadhi tukishusha, sasa niambieni, hizo anaziokota nani, na zinashuka kichwani kwa nani? Mfuko mdogo wa kuwekea tishu yako haufiki hata uzito wa spika.

MLETA MADA
Mzee wangu, shikamoo. Nakubali yote, ila hilo la tishu lisiifunike mada. Mtu anaweza kukatazwa vyote viwili.

MAMA WA KARURA
Hamjambo majirani. Nachangia kutoka Nairobi. Huku kwetu plastiki za kutumia mara moja zilikatazwa mbugani, misituni na ufuoni tangu Juni 5, 2020, na msituni Karura mbwa lazima afungwe kamba. Bado kila wikendi utapata mtu amemwachilia wake, ukimwuliza anakwambia "huyu haumi". Chupa ya maji askari anaiona. Spika siku hizi inaingia kwenye soksi. Mtapekua soksi getini? Mimi ningemwachia mwongozaji aseme na kundi lake.

KIJANA WA TEMEKE
Sasa hapo mama umesema. Getini wasitupotezee muda.

MLETA MADA
Mama, mwongozaji ndiye mtu wa mwisho atakayesema. Anasubiri bahshishi siku ya mwisho, na mgeni aliyekatazwa muziki anaweza kulipiza hapo. Ndiyo maana nasema katazo litoke kwa hifadhi yenyewe, KINAPA. Mwongozaji apate pa kusingizia: "si mimi, ni KINAPA." Hapo kila mtu anabaki na heshima yake, na bahshishi inabaki.

KIJANA WA TEMEKE
Basi tuseme na haya. Wapagazi mnawafanya malaika. Moto wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, pale pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo. Taarifa ya mwanzo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Spika yangu haijaunguza hata jani.

MGUMU WA ZAMANI
Sikatai, na mlima uliungua siku nyingi. Moto nao ulikuwa uzembe, tena mkubwa kuliko wako. Ila kosa letu halikupi wewe ruhusa, mwanangu. Na chakula kile kilikuwa cha nani?

KIJANA WA TEMEKE
Shikamoo mzee, nimechelewa. Njiani nimekubali, nazima, na Barranco sitaigusa kabisa. Ila Desemba naja na kundi na spika naibeba. Nitaiwasha Horombo baada ya chakula, mwisho saa mbili usiku. Nani ana pingamizi?

MLETA MADA
Mimi. Saa mbili usiku Horombo nusu ya watu wametoka kileleni siku ileile. Hawajalala tangu jana yake.

MAMA WA KARURA
Na vibanda vyenyewe ni vya mbao.